Shule Ina Ukoo Gani?

Nyie wajukuu mnaoniona nasoma barua nikifuata herufi kwa kidole, mjue mimi ndiye niliyepanga bustani ya shule ya misheni enzi za Mdachi. Tulikuwa watoto kumi na kitu, sikatai, lakini kichwa kilikuwa changu.

Shamba lilikuwa la ukoo wetu, kipande cha mteremko juu ya kijito. Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, aliwaazima watu wa misheni walime mboga. Na kwetu Uluguru kuazimwa ni kuazimwa: unapanda maharage, unavuna, unashukuru. Mti hupandi. Anayepanda mti amesema ardhi ni yake.

Mwalimu alitupa vijiti na kamba za mgomba, akatuambia tupange wenyewe: matuta yalale vipi mvua isiyabebe, maji yapite wapi, kabichi ikae wapi. Tulibishana siku mbili, tunachora kwa majivu, tunafuta kwa miguu. Siku ya tatu bibi yangu, mzaa mama, akapita na mzigo wa kuni, akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vijiti hivi vya nani?"

"Vya shule."

"Shule ina ukoo gani?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake tukakuta vijiti vyote vimeng'olewa. Wenzangu wakasema ni nguruwe. Nguruwe gani huyo anayefunga vijiti mzigo na kuviweka kando ya njia?

Jioni aliniketisha jikoni. "Mke mwenzangu, kule bondeni nako Wazungu walianza na kamba. Leo pamba imewafika watu mlangoni. Mche mmoja wa shule ukiingia ardhini pale, na wewe shule basi. Utashika jembe kama mimi."

Na mimi shule niliipenda kuliko nyama.

Wiki ile ile, tumesharudisha vijiti na kuinua matuta, padri akaleta kikapu cha miche ya michungwa. Mwalimu akasema ipandwe pembe nne za bustani. Pembe nne! Huo si mpaka ni nini?

Habari ya ukoo sikuitaja. Nilichomeka ufito mrefu penye pembe moja, nikawaita wenzangu asubuhi, nikawaita tena alasiri, wakaona kivuli kinavyolala juu ya matuta.

"Mwalimu, michungwa itakula jua la kabichi."

Mwalimu alikuwa Mluguru mwenzetu, wa ng'ambo ya mlima. Akakitazama kivuli, akanitazama mimi.

"Hayo maneno yako au ya kwenu?"

"Kivuli si hicho hapo, mwalimu?"

Miche ikapelekwa nyuma ya kanisa. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Bibi akaguna: "Amekubali bila kugomba? Basi ana lake."

Asubuhi, katikati ya tuta letu refu kuliko yote, umesimama mche wa mfenesi, udongo bado mbichi, umezungushiwa miiba. Mwalimu akauliza nani kaupanda. Akanigeukia mimi.

"Ng'oa."

Nikigoma, mwalimu ananifukuza. Nikiung'oa, nimewang'oa wenye shamba kwa mkono wangu mwenyewe, tena mbele ya watu.

"Siwezi, mwalimu. Aliyeupanda ni mwenye ardhi."

Mwalimu akaukanyagakanyaga udongo kwa ncha ya kiatu. Alijua. Na kwao kuna mabibi. Mwishowe akanitupia kamba.

"Haya, fundi. Pima upya. Tuta liuzunguke."

Tukalipinda lile tuta kama upinde, na maji yakapita vizuri kuliko mwanzo, Mungu shahidi. Bibi alikuja kukagua. Alizunguka mara mbili, akainama, akanusa udongo, hakuona kosa, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi.

"Endelea kusoma," akaniambia. "Lakini kila kitabu wanachokupa, kigeuze kwanza uone nyuma kuna nini."