Chumvi ya Yaya Trezo

Moshi wa magugu ya mto unanuka kama nguo mbichi iliyofungiwa samaki. Msimu mmoja wa sekondari, hapa Kisangani, harufu hiyo ilikaa kwenye nywele zangu mpaka wenzangu wakasogeza madawati. Mwalimu wa kemia alikuwa ametutaka turudie kazi za wazee, tuone kemia waliyoijua kabla jina lake halijafika kwetu. Kila mmoja angeonyesha yake siku ya kufunga shule. Nilichagua chumvi ya majivu kwa sababu moja ya kisayansi: ilifanyika jikoni, na mimi kutoka nje ya ua sipendi. Nilianika magugu, nikayachoma, nikamimina maji juu ya majivu ndani ya kikapu, kisha maji yale ya rangi ya chai nikayachemsha mpaka ukabaki ukoko wa kijivu. Niliungua vidole. Yaya Trezo, mtoto wa tonton, ndugu mkubwa kwangu kwa hiyo yaya, aliyeishi kwetu na kusoma darasa langu, alikaa kitini akicheka: "Mama Mafiga! Bon, kesho utachemsha na daftari?"

Papa, ambaye shule ilimwita kwa malalamiko tu, aliahidi kuja kuiona chumvi hiyo. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nikaikuta sebuleni, ndani ya bakuli la kioo la mama, na jina la Trezo juu yake.

"Yaya, ile iko yangu!"

"Nani atakuamini, mutoto wa jikoni?"

Machozi yalikuwa yameshafika puani nilipokumbuka kwa nini bibi zetu waliifunga chumvi hiyo kwenye majani na kuitundika juu ya moshi: inakunywa hewa, na hewa ya Kisangani ni mto uliosimama. Dirisha nikaliacha wazi, kwa ukarimu. Kisha nikakwangua masalio ya sufuria, nikayafunga kwenye majani ya kufungia chikwange, ule mkate wa muhogo, nikayatundika juu ya mafiga.

Kesho yake Trezo alifunua bakuli mbele ya wazazi. Maji ya kahawia.

"Alors, Trezo," mwalimu akauliza, "hii iko chumvi ao mchuzi?"

Nikafungua majani yangu. Kavu! Papa alicheka mpaka akavua miwani.

Siku hizi nanunua chumvi ya pakiti, nyeupe, isiyomjua mtu. Trezo ana ofisi na tai. Jumapili huja kula kwangu, maana mimi bado sitoki. Sahani yake naipakua kabla sijatia chumvi. Kila Jumapili. Anaonja, ananiangalia.

"Mama Mafiga, chumvi iko?"

"Iko, Yaya. Nikuletee kijiko ao kikombe?"