Fyuzi Iliyoingia Kibuyuni

Niiteni mzee anayeota, niiteni mlevi wa maziwa, sitabadilisha hata neno moja. Jambo hili sikusimuliwa. Nililiona mchana, macho yangu yote mawili yakiwa wazi, ndani ya nyumba yangu hapa juu ya mashamba ya majani chai.

Ilikuwa miaka ya tisini, stima bado ngeni kwetu. Mjukuu wangu Chelangat alikuwa amemaliza kusomea ufundi wa stima politekniki, msichana peke yake katikati ya vijana wa kiume. Nilijivuna kanisani mpaka akina mama wakachoka na mimi. Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini damu yangu inashika waya!

Siku hiyo alikuja kuniwekea taa katika jiko langu la nje. Kwanza alichukua tesita, ile bisibisi yenye kataa kadogo ndani, akaigusisha kwenye soketi ya redio. Kakawaka.

"Naangalia kama kenyewe kanaona stima," akasema.

Kisha akazima meni swichi, akang'oa fyuzi, kipande cheupe kigumu kama gego la ng'ombe, akaenda kupima waya wa jikoni. Kataa kakabaki giza. Akarudi kuchukua vyombo vyake.

"Si umeshazima?" nikamcheka. "Unapima nini tena, ama unaogopa?"

"Naogopa sana, kogo. Usiguse hiyo fyuzi mpaka nirudi." Kogo, yaani nyanya, ndivyo anavyoniita. Na hakucheka. Akaiacha juu ya sanduku la swichi, akaenda jikoni.

Mvua ya mawe ikapiga bati, ikapita. Ukungu ukapanda kutoka mashambani, ukaingia mlangoni. Unaujua ule ukungu wetu wa saa tisa? Hata kuku hajui kama ni mchana ama jioni. Nyumba ikawa kama iko ndani ya maziwa. Nikakumbuka saa ya matangazo ya vifo imefika. Rafiki yangu wa usichana, kule Soin, alikuwa ameaga, na nilitaka kusikia siku ya mazishi. Redio bubu. Nikajiambia, dakika tano tu. Taa moja ya jikoni itamfanya nini msichana aliyesoma? Nikainuka nirudishe fyuzi na kuwasha swichi.

Mtu alikuwa amesimama kwenye swichi.

Niamini. Mlango haukulia. Koti lake la mvua lilikuwa refu, na kavu kama unga, na nje bati bado linadondosha maji. Uso sikuuona vizuri. Kila nikiuangalia, ukungu unapita. Nilichoona ni mkono. Fyuzi yangu imelala katika kiganja chake, na kiganja chenyewe kimeungua, cheusi kama hindi lililosahauliwa motoni.

Sikuogopa. Ajabu, sivyo? Nilikuwa kama mtu aliyelala na anajua amelala.

"Kijana," nikamwambia, "hiyo ni ya nyumba hii. Rudisha, nataka redio."

"Msichana amepima waya," akasema polepole, sauti kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto. "Lakini alikupima wewe, kogo?"

Nikanyoosha mkono niichukue fyuzi. Akafunga kiganja.

"Nenda umwone kwanza. Kisha uje uniombe."

Nikavuka ua, miguu siisikii. Chelangat alikuwa juu ya stuli, mkono mmoja umeshika boriti, wa pili umevuta waya, na kwa meno alikuwa anamenya ngozi ya ule waya kama mtu anayemenya muwa. Shaba imegusa ulimi wake. Aliniangalia tu, hawezi kuongea na waya mdomoni.

Fikiria mwenyewe. Nilikuwa nimebakisha hatua ngapi mpaka kwa swichi? Tatu.

Nikarudi mbio. Hakuna mtu, sakafu kavu, na fyuzi hakuna. Tulitafuta na Chelangat mpaka chini ya kitanda. Halafu bega langu likagusa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilichoning'inia ukutani, kitupu, nimekiosha asubuhi. Kikalia: kok, kok. Mdomo wa kibuyu kile haupitishi hata vidole viwili. Tukakipindua, tukakitikisa, haitoki. Mama mkwe wangu alinipa kibuyu hicho siku niliyoolewa. Nilikivunja kwa jiwe, mimi mwenyewe, nikatoa fyuzi.

Jirani yangu Mama Moraa, mtu wa Kisii, alicheka mpaka akashika mbavu. "Wee mama, ulisinzia! Ni njaa hiyo!" Nikamweleza kile kiganja. Akavuta kigoda, akakaa. Ndipo akaniambia kulikuwa na fundi upande wa Merigi, alifia juu ya ngazi. Mwenye nyumba alirudisha fyuzi apige nguo pasi. Walimzika mkono umefungwa kitambaa.

Chelangat sasa ni fundi mkubwa, ameweka stima mpaka Kabianga. Fyuzi anatembea nayo mfukoni, na waya hauingii mdomoni mwake tena. Watu wanalalamika anachelewa. Acha walalamike! Lakini mimi, matangazo ya vifo siyasikilizi tena nikiwa nimekaa. Nasimama, na jina likianza na "Chela", moyo unasimama nami.

Basi wewe, fundi akipanda ngazi kwako, mpe fyuzi aende nayo, na ukae mbali na swichi. Na ukimkuta mtu mkavu pale siku ya mvua, usimwombe kitu. Kimbia ukamwangalie mtu wako. Mimi kosa langu nililipa kwa kibuyu. Wewe una nini?