Joto la Nyumba ya Glenda Thackray

Mama yake Glenda alipoanguka chumbani na kuvunjika nyonga, alijiburuta ngazi kumi na tatu hadi mlango wa mbele ili watu wa ambulensi wasihangaike kupanda, kisha akawaomba radhi kwa kuwakatizia chai yao ya saa nne. Glenda alilelewa na mwanamke huyo. Alirithi kwake vikombe vya maua, mikono mikubwa, na woga wa kuwa mzigo kwa watu.

Alizaliwa katika mji wa Keighley, akasomea Keighley, na kwa miaka thelathini na mmoja aliwapakulia watoto wa shule viazi vya kuponda na mchuzi, palepale Keighley. Aliolewa na Raymond, mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha chuma, mtu mfupi mwenye utani mwingi. Nyumba waliyopanga ilikuwa ya halmashauri, baadaye ikaingia mikononi mwa chama cha kupangisha nyumba, na kodi haikuwahi kuchelewa hata wiki moja. Humo walimlea binti yao wa pekee, Janine. Humo pia mapafu ya Raymond yalianza kumdai gharama ya miaka yote ile ya moshi, mpaka ikawa kupanda kitandani ni safari ya kupumzika mara mbili njiani.

Boila ilianza kufa mwezi wa Oktoba. Ilikuwa kwenye kabati la jikoni, na ndiyo iliyopasha maji ya kuogea na vyuma vya joto vilivyofungwa kwenye kuta za kila chumba. Asubuhi moja Glenda aliweka kiganja kwenye chuma cha sebuleni akakikuta baridi kama sahani. Akapiga simu ofisi ya chama, akaanza kwa kusema samahani.

Fundi aliyeletwa aliitwa Barry Pickles, mwanaume wa makamo mwenye goti bovu. Alipiga goti hilo mbele ya kabati huku akiguna, akabadilisha vali, boila ikanguruma. Glenda alimpa chai na biskuti mbili. Barry akamweleza kwamba siku hizi kila kazi hupewa nyota na mpangaji, na fundi mwenye nyota chache huitwa ofisini. Akamnyooshea kishikwambi. Glenda akalitazama lile goti, akaweka sahihi kwa kidole kwamba ameridhika, akabonyeza nyota tano. Baada ya siku mbili vyuma vikawa baridi tena.

Mwisho wa Novemba Raymond alipata nimonia, akachukuliwa hospitali. Kufikia katikati ya Desemba alikuwa amepata nafuu, na madaktari walikuwa tayari kumruhusu kwa sharti moja: chumba atakacholala kisishuke chini ya nyuzi ishirini na moja, usiku na mchana. Muuguzi wa wodi alimwuliza Glenda kama nyumba ina joto. Glenda hakuweza kusema uongo juu ya mapafu ya mumewe. Akasema bado, wanaitengeneza.

Raymond alikuwa na ombi moja tu, na alilitoa akiwa ameshika kidole cha mkewe kama mtu anayeshika reli.

“Nirudi kitandani kwangu, Glen. Mengine watajua wao.”

Akamwahidi.

Barry alirudi mara ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Alibadilisha pampu, akabadilisha ubao wa umeme, akaondoa hewa kwenye mabomba. Kila mara boila iliwaka mbele yake kama mtoto mwenye adabu mbele ya wageni, na ikazimika alipokwisha kuondoka. Kila mara alipewa chai, na kila mara alipata nyota tano, kwa kuwa kosa halikuwa lake na goti lilikuwa linazidi kuuma.

Katikati ya ziara hizo alipiga simu binti mmoja wa ofisini, mwenye sauti ya upole, akauliza Bi. Thackray anaendeleaje bila joto. Glenda alikuwa amesimama jikoni amevaa koti, amekumbatia chupa ya mpira yenye maji ya moto.

“Tunajimudu tu, kipenzi,” alisema. “Wapo wenye hali mbaya kuliko sisi. Msijisumbue.”

Katika mtaa ule kila mtu angelielewa jibu hilo. Mtu anayesema anajimudu kwa sauti ile ameshafika mwisho, na jirani yeyote angekuja mbio na hita ya umeme chini ya kwapa. Lakini binti wa simu hakuwa jirani. Aliandika alichosikia. Wala Glenda hakumtajia Raymond, maana kumtaja mgonjwa wako kwa watu wa ofisi kulikuwa, kwake, sawa na kuombaomba.

Kila siku saa nane alikuwa hospitali. Raymond aliuliza kama boila imewaka, naye alijibu kesho.

“Huyo Barry amekunywa chai nyingi nyumbani kwangu kuliko mimi mwaka huu mzima,” Raymond alimwambia. “Mwangalie. Ukimwona na mswaki, ujue amehamia.”

Walicheka mpaka kikohozi kikamshika, na muuguzi akaja.

Januari hospitali ilihitaji kitanda. Raymond akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Bingley, kwa muda, walisema. Chumba chake kilikuwa na joto la kumchosha mtu, dirisha halikufunguka, na televisheni ya mzee wa chumba cha pili ilisikika kutwa. Glenda alipomvua sweta, Raymond alitazama chuma cha ukutani kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonyesha mwanadamu yeyote.

“Joto lote hili,” alisema, “na si letu.”

Ziara ya sita ya Barry ilipangwa tarehe tisa Februari, kati ya saa mbili na saa saba. Barua ya ofisi ilieleza kwamba mpangaji asipokuwepo nyumbani, ombi lake hufutwa na kuanza upya. Asubuhi hiyo Bingley walipiga simu kusema Raymond hakulala vizuri, labda aje mapema. Glenda aliwaza kuhusu ombi kuanza upya, akahesabu wiki, akasema atafika mara tu fundi atakapoondoka. Barry alifika saa tano kasoro. Alikuwa amepiga goti mbele ya kabati, kichwa kikiwa ndani, simu ilipolia tena.

Glenda alisikiliza. Alisema asante kwa kunijulisha. Akaweka simu mahali pake, akamwuliza Barry kama chai yake imekolea sukari.

Boila ikawaka. Barry akanyoosha kishikwambi. Glenda akaweka sahihi, akabonyeza nyota tano, akamsindikiza hadi mlangoni. Baada ya hapo ndipo alipochukua koti lake na kwenda kumwona mumewe aliyekufa.

Wiki tatu baada ya mazishi walileta boila mpya. Wanaume wawili waliifunga kwa siku moja. Ilifanya kazi bila kosa hata moja.

Aliyeandika malalamiko kwa chama ni Janine. Alikuwa ameishi Leeds miaka ishirini, akifanya kazi ya bima, na hakuwa na ule woga wa bibi yake wa kuwa mzigo. Alidai fidia kwa kila siku ya baridi tangu Oktoba. Alimwuliza mama yake anataka nini hasa, na Glenda, baada ya kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu, alisema anataka waandike kwamba baba angeweza kurudi nyumbani. Sentensi moja tu, kwenye karatasi yao, yenye jina lao juu.

Mwezi wa Mei chama kilimtuma meneja, Bw. Ormerod. Alikuwa mtu mstaarabu mwenye suti ya kijivu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Glenda alimkalisha sebuleni, akamletea chai kwenye kikombe cha maua na keki ya limau aliyooka asubuhi ile. Bw. Ormerod alitoa pole, na ilionekana alimaanisha. Kisha akafungua jalada.

Kulikuwa na ukurasa wa kila simu na kila ziara. Alimsomea taratibu, kama anayemsaidia kukumbuka. Ziara sita, zote boila iliachwa ikiwaka, mpangaji ameridhika, nyota tano. Desemba kumi na nne, mpangaji anasema anajimudu, wapo wenye hali mbaya zaidi, wasijisumbue. Hakuna mahali palipotajwa mgonjwa. Kwa kanuni zao, alisema, siku za fidia huhesabiwa kuanzia mpangaji anapoeleza kuwa hali ni ya dharura, na dharura haikuelezwa. Hata hivyo, kwa moyo wa kuungana naye, chama kilikuwa tayari kutoa pauni mia nne. Aweke tu sahihi hapa kwamba suala limekwisha.

Glenda alimwuliza kuhusu ile sentensi.

“Hilo siwezi kuliandika, Bi. Thackray. Nikiliandika, inakuwa tumekiri.”

“Ni kweli lakini.”

“Huenda ni kweli. Lakini siwezi kuliandika.” Akashika kikombe, akanywa kidogo, akatabasamu kwa huruma. “Wenzangu wote ofisini wanakusifu, unajua? Hukuwahi kutupa shida hata mara moja.”

Glenda aliinuka. Alimkaribia, akakichukua kile kikombe kutoka mkononi mwake. Chai ilikuwa imefika nusu. Kwa miaka arobaini hakuna mgeni aliyewahi kutoka katika nyumba ile akiwa hajamaliza chai yake, hata mpokea kodi, hata polisi aliyewahi kuja kimakosa.

“Naomba uondoke,” alisema.

Bw. Ormerod alidhani hakusikia vizuri.

“Uondoke, Bw. Ormerod. Viatu vyako viko mlangoni.”

Alikusanya karatasi zake, masikio yakiwa mekundu. Alipokuwa akifunga kamba za viatu alisema asante kwa chai. Glenda akajibu karibu. Lilimtoka lenyewe, na alibaki ameshikilia mlango akijichukia kwa neno hilo moja kuliko kwa yote mengine.

Jioni Janine alipiga simu akataka kujua walimpa kiasi gani. Glenda alimwambia, akamwambia pia kwamba hakuweka sahihi, na kwamba alimfukuza yule bwana chai ikiwa nusu. Janine alimjua mama yake. Alijua alichokuwa ameambiwa. Alisema watapeleka shauri kwa msuluhishi wa malalamiko ya nyumba, foleni yake ni kama mwaka, lakini watangoja.

“Umefanya vizuri, mama,” alisema.

“Nimefanya Mei,” Glenda alisema. “Vizuri ingekuwa Desemba.”