Taa Zote Zilikuwa za Kijani

"Kwani huu mtandao wetu una ugomvi gani na mwanangu?"

Mama aliniuliza hivyo Jumapili moja sebuleni kwetu Kisugu, Kampala, uso wa kaka yangu ukiwa umepotea tena kwenye kompyuta. Kaka alikuwa mlinzi wa ghala Uarabuni na aliruhusiwa kupiga simu siku hiyo tu ya wiki. Mama alikuwa ameanza kuugua figo. Siku ya simu alijipaka mafuta, akafunga kilemba, akakaa mbele ya skrini wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Mazungumzo yalianza vizuri kila mara. "Mama, kilemba hicho umepewa na nani? Umeolewa mimi sijui?" kaka alimtania. Mama alicheka mpaka akakohoa. Waliwasengenya majirani, wakafika kwenye afya yake, kisha picha ikakatika na mimi nikaitwa.

Chuoni nilifundishwa kwamba kila hitilafu ina chanzo. Nilizima ruta, kile kisanduku cha mtandao, nikaiwasha. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha nywila, nikiwashuku wapangaji wa nyuma kwamba wanatunyonya. Nilipiga simu kwenye kampuni, na kijana mmoja mpole akaniambia kwamba kwake kila kitu kinaonekana sawa. Sikumwamini. Siamini watu wanaosema kila kitu ni sawa.

Halafu nikashuku kitambaa. Mama alikuwa amefuma kitambaa cheupe chenye maua mekundu, akaivika ruta, kama alivyovika redio na televisheni tangu enzi tulizokaa kambi ya polisi, Baba akiwa hai. Nilimwambia ruta inapata joto.

"Kinazuia vumbi," alisema.

"Kinamzuia mwanao, Mama."

Alikitoa mwenyewe, akakikunja, akakiweka chini ya mto wake. Jumapili iliyofuata simu ilikatika vilevile.

"Digrii yote hiyo," alisema, "na haka kasanduku kanakushinda!" Alitaka tucheke, lakini sauti ikamgeuka. "Alikuwa tayari kuniambia. Nimemuuliza atarudi lini, akafungua mdomo. Alifungua mdomo kabisa, hukumwona?"

Sikumwona. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya meza, nikitazama taa za ruta. Zote zilikuwa za kijani.

Kila wiki aliniambia maneno hayohayo, kwamba kaka alikuwa amefungua mdomo, na kila wiki mimi nilisikia tu kwamba simu imekatika. Mwishoni, alipokuwa hawezi tena kukaa, nilimwekea kompyuta kitandani. Alikuwa akiuliza mapema, kabla hata ya salamu kuisha, kama mtu anayekimbizana na mvua. Simu nazo zikawa fupi zaidi. Nikanunua ruta mpya.

Alifariki bila kupata jibu lake.

Tulimzika kaskazini, kwao Baba. Kaka hakuja. Nilimshikia simu juu ya kaburi, katikati ya shamba, mahali ambapo hata kutuma ujumbe ni kazi, nikisubiri mtandao ufe. Haukufa. Ulishika kuanzia wimbo wa kwanza mpaka koleo la mwisho la udongo, na mimi nilisimama pale nikiwa na hasira na mitambo yote ya Kampala. Siku ile hakuna aliyemuuliza kaka chochote.

Niliporudi nilikitoa kitambaa chini ya mto, nikaivika ruta mpya. Haijawahi kuzimika kwa joto.

Kaka alirudi miaka mingi baadaye. Aliingia sebuleni, akakiona kitambaa, akakaa sakafuni na viatu vyake miguuni. Ndipo aliponiambia. Tajiri wake alimnyang'anya pasipoti siku aliyofika. Hakujua atarudi lini, na hakuweza kumdanganya Mama wakitazamana. Kwa hiyo kila alipoulizwa alifungua mdomo, kama mtu anayeanza kujibu, halafu akaikata simu mwenyewe.