Ushuru wa Mlangoni

Katika soko letu la mifugo, kabla wataalamu hawajatufikia, ushuru ulilipwa wakati wa kutoka. Ulileta mbuzi wako asubuhi, ukamfunga mahali, watu wakampapasa mgongo na kubishana bei, na akiuzwa ndipo ulipopita langoni ukalipa. Asipouzwa, mlirudi nyumbani pamoja, wewe na mbuzi wako, na hakuna aliyewadai. Hatukufundishwa utaratibu huo na mtu yeyote. Ulikuwa ni akili tu. Mtu huenda kuuza mbuzi kwa sababu hana pesa.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sina mpango wa kuipoza. Nina duka dogo la dawa za mifugo karibu na lango la soko hilo, upande wa juu wa Kitui, kwenye barabara ya Garissa. Jina la soko sitalitaja, kwa kuwa kesho bado nitahitaji kufungua duka. Niliolewa hapa kutoka Kibwezi, na miaka yote hiyo nimeuza dawa ya minyoo na ya kupe nikitazama nani anaingia na mnyama gani na nani anatoka akiwa amenuna.

Wakubwa wa ushuru walikuwa na lalamiko lao, na sikatai kwamba lilikuwa la kweli. Jioni, watu wengine walipitisha wanyama kwenye sehemu ya ua iliyobomoka, wakaenda zao bila kulipa. Pesa ilichelewa kufika ofisini, na nyingine haikufika kabisa. Lakini ua ukibomoka unazibwa. Miti ya kuzibia ipo, na misumari inauzwa duka la pili kutoka langu. Wao hawakununua misumari. Walimwita mtaalamu kutoka Nairobi, wakakodi ukumbi wa hoteli, wakatualika sisi wa nje tuje kutoa maoni ili sera, walisema, iwe yetu sote. Tukaitwa wadau. Mimi nilialikwa kwa sababu wenye maduka ya karibu na lango walinichagua niwasemee, na nilifurahi kweli. Nilivaa hata viatu vya kanisani.

Mkutano uliwekwa Ijumaa. Kila mtu anayeishi hapa anajua wafanyabiashara wakubwa wa mifugo ni akina nani. Ni familia za Kiislamu zinazoleta wanyama kutoka upande wa Garissa, na zimekuwa majirani zetu tangu zamani. Walifika mapema kuliko sisi, wakakaa mistari ya mbele. Kukawa na maombi marefu. Kukawa na utambulisho, kila ofisa akisimama kumtambulisha ofisa mwenzake, na huyo mwenzake akisimama kutusalimia kwa niaba ya mkubwa ambaye hakuweza kufika. Mtaalamu akatuonyesha picha ukutani, mishale mingi inayoelekea kulia. Alipomaliza na kusema sasa ni zamu ya wananchi, saa ya swala ilikuwa imefika.

Mzee mmoja wa wale wa mbele alisimama kwa heshima. "Tunaomba ruhusa kidogo tuende msikitini. Mtungoje tafadhali, sisi tuna maneno."

"Hakuna shida mzee, tuko pamoja," akajibu aliyekuwa akiongoza mkutano.

Hawakungoja. Mzee hata hajavuka mlango, kipaza sauti kilikuwa tayari mikononi mwa mtu wa pikipiki aliyelalamikia taa za barabarani.

Nilipewa dakika mbili. Pendekezo lenyewe lilikuwa moja tu: kila mnyama alipiwe ushuru mlangoni, anapoingia, auzwe asiuzwe. Nikauliza, "Anayeleta mbuzi mmoja huwa hana hata pesa ya chai. Mkimdai akiingia, atalipa na nini? Na mkia?"

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akatabasamu, kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri. "Mama, hiyo ni pointi poa sana. Lakini tabia ya kulipa kwa wakati inaanzia mlangoni. Hata mechi, huwezi ingia uwanjani halafu useme utalipa ukitoka."

"Anayeenda mechi anaenda kutumia pesa," nikamwambia. "Huyu anakuja kuitafuta. Mnataka alipe kabla hajaipata?"

"Maoni yako tumeyachukua, mama. Asante."

Wale wa swala walirudi wakatukuta na sahani mikononi, tukitafuna kuku. Kiongozi wa mkutano akashika kipaza sauti kufunga, akasema kwamba wafanyabiashara wa mifugo hawakuwa na pingamizi. Nilipiga kelele. Nakumbuka nilisema, "Wangepinga vipi na mlijua wako msikitini?" Mama mmoja wa kanisani kwetu alinivuta gauni nikae, nisiaibishe watu. Mzee wa mbele alichukua kofia yake akatoka, na chakula chao wakala madereva.

Sheria ya mlangoni ilianza mwisho wa kiangazi. Kama wangekaa wiki moja tu wakitafuta mwezi mbaya zaidi, wasingeupata. Wakati huo kwetu kila mtu anaangalia mawingu. Ghala limebaki vumbi, mbuzi wamekonda, na mbegu lazima ziingie ardhini kabla ya mvua, kwenye udongo mkavu, maana mvua yetu ni fupi na ndengu iliyochelewa haipati maji ya kujaza maganda. Ukikosa siku hizo chache umekosa msimu. Hakuna ofisi ya kuomba uongezewe muda.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita mwaitu kama tunavyoita mama kwetu, alikuwa na beberu mmoja aliyemlea ili amuuze apate mbegu za ndengu. Mbegu zake za msimu uliopita tulikuwa tumezila. Yule beberu ndiye angenunua mbegu mpya na kumlipa mwenye plau na ng'ombe wa kulimia. Alimfuga karibu na jikoni, akimpa maganda ya mbaazi na maneno matamu. Shamba lote lilikuwa linamngoja.

Siku ya soko mimi sikuwepo. Nilikuwa Kibwezi kwa mazishi ya shangazi. Baada ya kuzika tulikaa na kaka yangu, ambaye analima nyanya na tikiti karibu na mto, nikamhadithia habari za ule mkutano. Akanishangaa. Alisema soko lao lilipotaka kubadilisha saa za kulipa ushuru, walikuja watu wawili wa serikali, mwanamume na mwanamke, wakakaa juu ya magunia tangu lori la kwanza linapakiwa mpaka la mwisho. Waliuliza anayebeba, anayeuza, anayenunua, na mama wa uji. Wakarudi tena siku ya mvua. Ndipo wakaandika. "Na tunalipa," kaka akasema. "Sasa nani atakataa kitu alichokisema mwenyewe?"

Niliposikia hayo ndipo hasira iliponishika kweli. Kumbe inawezekana. Kumbe si kwamba kazi hiyo ni ngumu au kwamba serikali haina watu. Ni kwamba sisi tulionekana si wa kuulizwa.

Nilirudi nikamkuta mwaitu amekaa mbele ya nyumba yake na kifuko cha mbegu ambacho kingetosha nusu ya shamba, labda. Hakuwa analia. Alikuwa anapepeta zile mbegu polepole, kana kwamba akizipepeta zaidi zitaongezeka.

"Mwaitu, beberu ameenda kwa bei gani hii?"

"Niliambiwa nilipe mlangoni," akasema. "Nikawaambia hao kanjo wa ushuru, ngojeni niuze, nitawapatia. Wakasema rudi nyumbani. Nyumbani nitarudi aje, mwana wakwa, na mwenye plau anakuja kesho? Basi kijana mmoja akaniambia, shosho, wacha nikulipie."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikakaa chini. Sokoni kwetu kuna desturi ambayo haivunjwi. Dalali akishamlipia mnyama chochote, humpaka rangi mgongoni, na mnyama mwenye rangi haulizwi bei na mwingine. Ni heshima ya wafanyabiashara wenyewe, huzuia ugomvi, na kwa miaka mingi ilikuwa nzuri. Yule kijana alilipa ushuru wa mbuzi mmoja, pesa ndogo, akampaka beberu rangi ya bluu pale pale langoni. Mwaitu aliingia sokoni na mbuzi wake akiwa tayari ni wa mtu. Alizunguka naye jua lote. Wanunuzi waliangalia mgongo, wakapita. Jioni alichukua alichopewa na mwenye rangi.

Nilimtafuta huyo dalali. Nilitaka kumtukana, na nilianza kumtukana, lakini alinisikiliza tu huku akifunga kamba. "Madam, mimi nilimsaidia. Bila mimi hangeingia. Zamani nilikuwa nawafuata watu ndani, nabembeleza. Siku hizi nasimama hapa langoni, wananijia wenyewe." Akaonyesha kopo lake la rangi kwa kidole. Hakuwa peke yake. Walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kopo lake, kabla hata kanjo hawajafungua lango. Nilimchukia, lakini kusema kweli hakuwa ameweka lango hilo yeye.

Nikaenda ofisini kwao. Ofisa aliyenipokea alikuwa mchangamfu, akanipa kiti. Nikamweleza habari ya rangi, habari ya mwaitu, habari ya madalali wanaopanga mstari. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akanigeuzia kompyuta yake. "Lakini mama, angalia hapa. Siku hizi pesa inaingia mapema, saa nne asubuhi tumemaliza. Na watu wanalipa bila hata fujo."

"Hawalipi wao! Wanalipiwa na madalali!"

"Kwetu sisi, imelipwa."

Nilitoka hapo bila kuaga. Sikuwahi kudhani neno la adabu namna hiyo linaweza kumkasirisha mtu kuliko tusi. Nilirudi mara nyingine mbili, na wale wazee wa mifugo pia walienda, wakajibiwa kwamba jambo hilo lilishapitia kwa wadau.

Mvua ilikuja kwa wakati wake. Nilijaribu kumwongezea mwaitu mbegu, lakini mwenye plau alikuwa ameshahamia mashamba ya wengine, na udongo uliolowa haukutusubiri. Sehemu ya chini ya shamba ilichipua ndengu safi, mistari imenyooka. Sehemu ya juu iliota magugu. Kila nilipopita pale niliona aibu, ingawa aibu haikuwa yangu, na nilikuwa nikitembea haraka.

Wakati wa kuvuna nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ghala, redio ya Kikamba ikizungumza, tukawa tunapura pamoja. Kazi ilikuwa ndogo, iliisha kabla ya saa sita. Redioni mkubwa mmoja alikuwa akishukuru. Alisema ushuru wa soko sasa unalipwa kwa wakati, na kwamba mafanikio hayo yametokana na wadau ambao waliketi, wakashauriana, wakakubaliana. Mkutano mwingine, alisema, unakuja, wa kuangalia masoko mengine mpaka Kwa Vonza.

Mwaitu aliacha kupura. "Hao wadau ni akina nani?"

Nikamweleza kwa Kikamba kwamba ni watu ambao jambo linawagusa, kwa hiyo wanaitwa wasikilizwe.

Akaokota ndengu zilizorukia nje ya turubai, moja moja. "Huo mkutano mwingine, nataka kwenda," akasema. "Lakini uniulizie kwanza. Huko kwao mtu hulipa akiingia ama akitoka?"

Alikuwa hafanyi mzaha. Alitaka kujua kama ajiandae, atafute cha kuuza mapema, asije akarudishwa mlangoni tena. Nami nilikuwa najua jibu, maana siku ile hotelini nilikuwa nimeona maofisa wakipanga foleni kutia sahihi marupurupu yao ya kuketi mkutanoni.

"Huko hakuna anayelipa, mwaitu," nikamwambia. "Huko wao hulipwa kwa kuingia."