Asali mu mukono ya kapiteni

Leo munganga kijana alitaka kumutoa kapiteni wa timu yetu ya banamuke mbele ya mechi!

Alimutoboa kapiteni Ngoie kidole, akatia damu mu kamashini ka kupima sukari. Sukari ikatoka juu sana.

"Huyu alimeza dawa ya dopage, ya kuongeza nguvu!" munganga akasema.

Ngoie akaanza kulia.

Mimi Minyi, infirmière, muuguzi wa zamani, nikamushika mukono. Ilikuwa inanata! Mama yake anamutiliaka asali mu kiganja mbele ya kila mechi, alambe.

"Munganga, anawe kwanza."

Mu vita ya miaka ya tisini vipimo vilikuwa vichache, hatukuweza kuharibu hata kimoja. Njo nilijifunza: sabuni kwanza, sindano nyuma.

Ngoie akanawa, munganga akapima tena. Sukari ya kawaida!

Ngoie alifunga mabao mbili.

Nyuma ya mechi, munganga akaninyooshea kiganja: "Mama, asali imebakia?"

Bandugu, mungemupa?