Pacha Aliyebaki Kakuma

Nilivua shela ya utawa miaka kumi na miwili iliyopita, lakini hapa Kakuma bado wananiita Sista Ajwang, nami nimechoka kuwasahihisha. Nilitoka huko na begi moja la nguo na Kilatini. Sasa niambie, nani anataka Kilatini Kakuma? Watu wanataka maji. Hata hivyo nilianza kukifundisha kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa parokia. Wanafunzi walikuwa watano, wanne wakifuata kivuli tu. Wa tano alikuwa Nasike, binti wa Abei muuza makaa.

Nasike alikuwa msichana wa miaka ishirini, kazi yake kufua mashuka katika nyumba ya wageni. Siku ya kwanza niliandika ubaoni: puella, msichana, aqua, maji, lupa, mbwa mwitu jike. Kisha nikawasimulia Roma ilivyoanza. Mapacha wawili, Romulus na Remus, walitupwa mtoni wakiwa wachanga, maji yakawaacha ukingoni, na mbwa mwitu jike akawanyonyesha. Wale wanne waliangua kicheko. Kwao mbwa mwitu ni fisi tu, na fisi anyonyeshe mtoto wa mtu? Si angemla!

Nasike hakucheka. "Madam, hata mimi ni pacha," alisema. "Na mimi nilinyonyeshwa na mtu si wa kwetu."

Habari yenyewe alinipa mama yake baadaye, akiwa amekaa juu ya gunia lake la makaa. Nasike na dada yake Abigael walizaliwa mwaka wa ukame. Maziwa ya Abei hayakutosha wawili, na Nasike ndiye aliyekuwa anakwisha. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Abei alikuwa na mteja wa makaa, Nyaduoth, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ambaye wiki ile alikuwa amemzika mtoto wake mchanga. Nyaduoth alimchukua Nasike akamweka kifuani. Jina la marehemu halikufutwa kwenye kadi ya chakula, na Nasike akala kwa jina hilo. Alipofika miaka sita watoto wa kadi ile waliitwa kuweka vidole kwenye mashine. Abei mwenyewe ndiye aliyemnawisha mikono. Kosa? Nitajie mama ambaye asingefanya vile, nami nitakuonyesha mwongo.

Basi huyo Nasike alikula Kilatini kama mtu mwenye njaa. Alifua mashuka huku anataja maneno, murus, ukuta, porta, mlango, soror, dada, mpaka wageni wakadhani anaswali. Mwaka wa pili alinisahihisha mbele ya darasa. Nilikasirika, halafu nikafurahi mpaka nikaona aibu. Niliwaandikia masista ninaowafahamu Roma, wenye nyumba ya kufundishia walimu wa lugha hiyo. Wakajibu: aje, miaka miwili, kila kitu juu yao. Kilichobaki kilikuwa pasipoti, na pasipoti inataka kitambulisho.

Tulienda ofisi ya vitambulisho Lodwar watatu, mimi na pacha wote wawili, kwa kuwa Abigael naye hakuwa amechukua chake. Abigael aliweka vidole, akaambiwa asubiri nje, kitakuja. Nasike akaweka vyake. Karani aliangalia mashine, akamwangalia yeye, akaangalia mashine tena.

"Wewe ni mkimbizi."

"Mimi ni Mturkana. Baba yangu ni Lokeno wa Lokori. Huyo mwenye ametoka hapa saa hii ni pacha yangu, uso si ni moja?"

"Mashine haijui uso. Inajua vidole."

Akatupa fomu ya kuomba kufutwa kwenye orodha ya wakimbizi. Tukaijaza. Chifu alitia sahihi. Nyaduoth mwenyewe alikuja kuapa kwamba mtoto si wake, na akalia alipotamka maneno hayo. Kamati ya kuhakiki ingekaa mwezi ujao. Ikawa mwezi ujao kwa miezi kumi na minne.

Katikati ya kungoja huko nilifika kwenye somo ambalo ningeliruka kama ningekuwa na akili. Romulus alipoona mji wake hauna watu alifungua kilima kimoja, akatangaza kwamba mkimbizi yeyote aje awe Mrumi.

"Waliitishwa karatasi gani?" Nasike aliuliza.

"Hakuna."

"Hata kidole?"

"Hata kidole."

Alicheka, na kicheko kile sikukipenda hata kidogo.

Kisha masista wakaandika: nafasi inafungwa mwezi wa nane. Na mimi nilifanya nini? Nilitaka mtu wangu mmoja afike Roma. Ndiyo, nilitaka kwa ajili yangu, kiburi cha mwanamke aliyetoka utawani mikono mitupu. Niliwaandikia kwamba Nasike ana dada, amemaliza kidato cha nne, karatasi zake ni safi. Wakakubali. Nasike nilimwambia barua ikiwa imeshakwenda. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Anajua Kilatini?"

"Hajui."

"Basi aje kesho."

Alimfundisha mwenyewe, wiki tisa, kwenye meza yangu, akitoka kufua. Siku ya mwisho walifika pale Romulus anapojenga ukuta na Remus anauruka kwa dharau, akauawa na ndugu yake. Abigael aliweka kalamu chini.

"Sasa huyo alikuwa anataka nini? Kwetu mwenye anaruka ua ni adui. Si angepitia tu mlangoni?"

Abei, aliyekuwa ameleta makaa, alivitazama vidole vya Nasike, akatoka nje bila kuaga. Nami nilijifanya natafuta miwani.

"Mlango ilikuwa ya ndugu yake," Nasike alisema. "Wacha hiyo. Angalia hapa, nimekuandikia mfano, uandike mara tano."

Abigael aliandika polepole, ulimi nje. Nasike akavuta daftari akanisogezea, akinikazia macho.

"Sahihisha, madam."

Niliisoma sentensi ya juu, ile ya mkono wake. Soror mea Romam it. Dada yangu anaenda Roma. Haikuwa na kosa hata moja. Nikaweka alama ya vema.